Namna ya Kupima na Kutunza Maji ya Bomba Pembezoni mwa Jiji la Arusha

Mkazi wa pembezoni mwa Jiji la Arusha akifungua bomba na kuona maji maangavu, yasiyo na harufu wala ladha mbaya, huridhika kwamba ni maji salama. Kwa ukanda huu jicho na ulimi havitoshi kutoa hukumu hiyo. Tatizo kubwa la maji yetu ni madini ya floraidi, ambayo hayabadilishi rangi ya maji, hayanuki, hayatambuliki kwa kuonja, na wala hayaondoki kwa kuchemsha. Chanzo chake ni miamba na majivu ya volkano ya Mlima Meru: maji ya mvua yakishapenya ardhini na kukaa muda mrefu ndani ya miamba hiyo, huyeyusha floraidi na kuibeba hadi kwenye chemchemi, mito na visima. Mto Maji ya Chai na maziwa ya Momella yamejulikana kwa muda mrefu kwa wingi wa madini hayo, lakini bomba la uani linaweza kuwa nayo pia bila mwenye nyumba kujua.

Mwongozo huu ni kwa mwenye nyumba, mpangaji au mzazi anayeishi maeneo kama Ngaramtoni, Kisongo, Moshono, Njiro, Tengeru au Usa River, anayetaka kujua maji anayotumia yana nini na afanye nini kwa kipato cha kawaida. Si lazima kusafisha maji yote yanayoingia nyumbani. Maji ya kufulia, kuogea, kudekia na kumwagilia bustani yanaweza kubaki kama yalivyo, kwa sababu floraidi haipiti kwenye ngozi kwa kiasi cha kudhuru. Yanayohitaji ulinzi ni yale yanayoingia tumboni, yaani ya kunywa na ya kupikia, na zaidi ya yote yale ya watoto wadogo. Ukikubali mgawanyo huo tangu mwanzo, kazi inayobaki inawezekana.

Kujua maji yanakotoka

Kabla ya kununua chochote, uliza. Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Arusha, AUWSA, haitegemei chanzo kimoja. Inachanganya maji ya chemchemi, maji ya visima vilivyo karibu na mji, na maji ya visima vya Wilaya ya Hai yaliyoletwa na mradi mkubwa uliogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ambao lengo lake mojawapo lilikuwa kupunguza floraidi katika maji ya jiji. Kwa hiyo mitaa miwili inayolipa bili kwa mamlaka moja inaweza kunywa maji yenye viwango tofauti, na hata mtaa mmoja unaweza kupata maji tofauti wakati wa kiangazi na wakati wa masika, kutegemea pampu ipi inafanya kazi. Baadhi ya vijiji na vitongoji vya pembezoni haviko chini ya mamlaka ya jiji bali chini ya vyombo vya jamii vinavyosimamiwa na RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, na kaya nyingine zimeunganishwa kwenye kisima cha jirani mwenye pampu na tenki la juu.

Kwa vyovyote iwavyo, maswali ni yale yale, na ni vizuri yaandikwe kwenye barua ili yajibiwe kwa barua. Laini ya mtaa wetu inapata maji kutoka chanzo kipi, na yanachanganywa na yapi? Floraidi ilipimwa lini mara ya mwisho, na ilisoma miligramu ngapi kwa lita? Sampuli ilichukuliwa wapi, kisimani, kwenye tenki la kusambazia, au kwenye bomba la mteja? Swali hili la tatu husahaulika, ingawa kipimo cha kisima kimoja kabla ya kuchanganywa hakimwelezi mteja anachokunywa. Jirani mwenye kisima naye aombwe cheti cha maabara chenye tarehe, tena kwa lugha ya heshima, kwa kuwa huenda hata yeye hakuwahi kupima tangu siku kisima kilipochimbwa.

Usikubali kipimo cha kisima cha nyumba ya tatu kiwe jibu lako. Visima viwili vilivyo katika mtaa mmoja vinaweza kutofautiana sana kwa sababu ya kina chake na aina ya mwamba vilivyopita.

Wengi wetu pia husifu maji "laini", yale yanayotoa povu jingi kwa sabuni kidogo na yasiyoacha chokaa ndani ya birika, na kuyalaumu yale "magumu". Kwa upande wa floraidi mambo mara nyingi huwa kinyume. Maji yenye kalsiamu nyingi, ambayo ndiyo huacha ganda jeupe ndani ya birika, huwa na floraidi kidogo kwa kuwa kalsiamu huishika na kuigandisha, ilhali maji yenye sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo, laini kwa sabuni, huiacha floraidi ikielea ndani yake. Birika lenye chokaa halithibitishi kwamba maji ni salama, wala birika safi halithibitishi kwamba ni mabaya, lakini kuchagua maji ya kunywa kwa kutazama povu la sabuni ni kuchagua gizani.

Kuchukua sampuli

Maabara za ubora wa maji za Wizara ya Maji zipo kwenye mikoa, Arusha ikiwemo, na hupokea sampuli za wananchi kwa malipo. Wilaya ya Arumeru ina pia kituo cha Ngurdoto, kilichoanzishwa mahsusi kwa utafiti wa kuondoa floraidi katika maji. Piga simu au nenda kwanza uulize gharama, siku za kupokea sampuli na chupa zinazotakiwa, kisha omba angalau vipimo vitano: floraidi, naitreti, kiwango cha asidi, jumla ya chumvi zilizoyeyuka, na bakteria aina ya E. coli, ambao ni dalili ya kinyesi ndani ya maji. Fedha zikiwa chache, chagua floraidi na E. coli.

Sampuli ya floraidi ni rahisi. Tumia chupa ya plastiki ya nusu lita au lita moja, si ya kioo, kwa sababu floraidi huweza kushikana na kioo. Chupa iliyokuwa na maji ya kunywa inafaa, iliyokuwa na soda au juisi haifai. Fungua bomba lililo karibu zaidi na mita, kabla maji hayajaingia kwenye tenki lako, na uyaache yatiririke dakika mbili au tatu huku ukiyakinga kwenye ndoo yasipotee bure. Suuza chupa mara tatu kwa maji hayo hayo pamoja na kifuniko chake, ijaze hadi juu, funga, futa nje, na ubandike karatasi yenye tarehe, saa, mtaa na neno "bomba la mita". Sampuli hii haiharibiki upesi.

Sampuli ya bakteria inadai uangalifu mwingine kabisa, na ni hapa kazi ya watu wengi huharibika. Chupa lazima itoke maabara ikiwa imetakaswa, na ndani yake huwa na chembe za dawa ya kuzima klorini, hivyo usiisuuze hata kidogo. Ondoa mpira au kitambaa kilichofungwa mdomoni mwa bomba, pangusa mdomo huo kwa spiriti, na kama bomba ni la chuma lipitishie moto wa kiberiti cha gesi kwa muda mfupi, kisha uyaache maji yatiririke. Ukishafungua chupa, shika kifuniko kwa nje kikiwa kimeelekea chini, usikiweke mezani wala usiguse ndani yake, usipumue wala kuzungumza juu ya mdomo wa chupa, na ujaze ukiacha nafasi ya vidole viwili juu. Iweke kwenye kasha lenye barafu na uifikishe maabara ndani ya saa 6. Sampuli iliyolala nyumbani bila barafu hutoa majibu yasiyo na maana, na fedha yako imepotea.

Chukua sampuli ya pili ya bakteria kutoka mahali mnapochota maji ya kunywa hasa, iwe ni koki ya jikoni inayotoka kwenye tenki au ndoo yenye mfuniko. Sampuli hizo mbili zikisomwa pamoja zitakuonyesha kama uchafu unaletwa na bomba la mtaa au unazaliwa ndani ya uzio wako. Kama uwezo unaruhusu, rudia kipimo cha floraidi mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa kiangazi na katikati ya masika.

Kusoma majibu

Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha floraidi katika maji ya kunywa kuwa miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 4 kwa sababu vyanzo vya kanda hii vilikuwa vigumu kufikia kikomo hicho, lakini kiwango cha taifa sasa ni 1.5. Mtu akikuambia kwamba 3 "inaruhusiwa", anazungumzia kanuni ya zamani. Kumbuka pia kwamba anayefanya kazi juani hunywa maji mengi kuliko anayeketi ofisini, na floraidi huhesabiwa kwa jumla inayoingia mwilini, si kwa kikombe kimoja.

Kiasi kidogo cha floraidi huimarisha meno dhidi ya kuoza, ndiyo maana huwekwa kwenye dawa ya meno. Ikizidi 1.5 huanza kuharibu meno yanayoumbika. Meno ya kudumu huumbika ndani ya ufizi tangu mtoto anapozaliwa hadi afikishe takriban miaka 8, na huo ndio muda wa kumlinda. Dalili za mwanzo ni mistari myeupe kama ya chaki inayokatiza jino, kisha mabaka, na hali ikiwa mbaya rangi ya kahawia na vishimo. Rangi hiyo haitoki kwa kupiga mswaki, na mtoto anayeambiwa kwamba hasafishi meno anaonewa. Maji yenye miligramu 3 hadi 6, yakinywewa kwa miaka mingi, huanza kugusa mifupa, na yanayozidi 10 yanaweza kupinda miguu na kukaza uti wa mgongo. Mtu mzima ambaye meno yake yameshakomaa hatapata mabaka mapya, lakini mifupa yake haijasalimika.

Naitreti isizidi miligramu 50 kwa lita. Ikikaribia hapo, huenda maji ya vyoo au ya mazizi yanafika kwenye chanzo, na maji hayo yasitumike kabisa kuandaa maziwa ya chupa ya mtoto mchanga. E. coli inatakiwa iwe sifuri katika mililita 100, bila majadiliano. Kiwango cha asidi na jumla ya chumvi havihusiani moja kwa moja na madhara ya haraka, isipokuwa chumvi zikizidi 1,000 ladha itakuambia yenyewe.

Floraidi ikizidi 1.5

Kuchemsha huua vijidudu, lakini kwa floraidi huzidisha tatizo. Chukua sufuria ya lita 5 za maji yenye miligramu 2 kwa lita: yakichemka hadi zikabaki lita 4, floraidi yote imebaki ndani na mvuke pekee umeondoka, kwa hiyo kila lita sasa ina miligramu 2.5. Ndivyo inavyotokea kwenye makande yanayochemka mchana kutwa huku yakiongezewa maji. Klorini, vidonge vya kutibia maji, chujio la mshumaa wa udongo na mkaa wa kawaida wa kupikia haviondoi floraidi hata kidogo.

Magadi nayo yanafaa kutajwa hapa. Magadi yanayowekwa kwenye makande na maharage ili yaive upesi yanaweza kuwa na floraidi nyingi, na familia inayohangaika kutafuta maji mazuri huku ikitia kijiko cha magadi kila siku inajaza gunia lenye tundu. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji hayo, na uyapike bila magadi. Majani ya chai pia hutoa floraidi, hivyo chai ya rangi nzito si kinywaji cha mtoto mdogo.

Kwa mtoto mchanga kinga kubwa kuliko zote haina gharama. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana hata pale mama anapokunywa maji yenye floraidi nyingi, kwa hiyo kumnyonyesha bila kumpa kitu kingine kwa miezi 6 ya kwanza kunamkinga pia dhidi ya madini haya. Anapoanza uji, ndipo maji ya uji huo yatafutwe kwa bidii.

Maji ya mvua ndiyo njia ninayoiamini zaidi kwa nyumba yenye paa la bati, kwa sababu karibu hayana floraidi kabisa na hayahitaji fundi wa kuja kila mwezi. Hesabu yake ni nyepesi: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1 ya maji. Paa la mita za mraba 60 likipata milimita 10 kwa usiku mmoja litakusanya lita 600 kabla ya kutoa zinazomwagika. Familia ya watu 5, kila mmoja akitengewa lita 5 kwa siku za kunywa na kupikiwa, inahitaji lita 25, na kuanzia mwanzo wa Juni hadi mwisho wa Oktoba ni lita 3,825. Tenki la lita 5,000 lililojaa mwishoni mwa masika linavusha kiangazi na ziada kubaki, ilimradi mtu asilitumie kufulia. Weka koki yake mbali na sinki la vyombo, ikibidi ifungwe kwa kufuli. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iachwe ioshe paa: mwaga angalau ndoo tatu za lita 20 kabla ya kuelekeza bomba la mfereji kwenye tenki, na kata matawi yanayotua ndege juu ya bati.

Maji ya mvua yasipotosha, yachanganye na ya bomba kwa vipimo vinavyojulikana. Bomba likisoma miligramu 3, nusu kwa nusu na maji ya mvua itashusha hadi 1.5, na sehemu mbili za mvua kwa moja ya bomba itashusha hadi 1. Tumia chombo kimoja cha kupimia, usikadirie kwa macho.

Chujio la mkaa wa mifupa hufanya kazi kweli, na utaalamu wake umekuzwa hapa hapa Ngurdoto. Mifupa ya ng'ombe huchomwa kwenye tanuru lenye hewa kidogo, husagwa kuwa chenga, na maji hupitishwa humo polepole yakiacha floraidi. Mifupa ikichomwa vibaya hutoa harufu na rangi, kwa hiyo nunua kwa watu wanaoweza kukuonyesha majibu ya maabara. Katika Taasisi ya Nelson Mandela iliyoko Tengeru, Dkt. Askwar Hilonga alibuni chujio linaloweza kurekebishwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali, kazi iliyopata tuzo ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi mwaka 2015. Chujio lolote la aina hii hushiba, na likishashiba maji hupita yakiwa maangavu vile vile, floraidi yake ikiwa kama ilivyoingia. Muulize muuzaji linachuja lita ngapi kwa maji yenye kiwango chako, andika lita unazochota kwenye daftari, na upeleke maabara maji yanayotoka, si yanayoingia.

Mitambo inayosukuma maji kwa pampu kupitia utando mwembamba huondoa floraidi vizuri, ila ni ghali na humwaga sehemu kubwa ya maji, ambayo inafaa ikingwe kwa ajili ya choo. Shabu na chokaa navyo huondoa floraidi vikitumiwa na mtaalamu, lakini sishauri mtu ajaribu jikoni, kwa sababu kipimo kikikosewa alumini hubaki ndani ya maji.

Jihadhari na maonyesho ya wauzaji. Kidude kidogo cha kidijitali kinachotumbukizwa kwenye glasi hupima jumla ya chumvi, hakipimi floraidi. Na muuzaji akiingiza vyuma viwili vyenye umeme ndani ya glasi, maji yakageuka tope la kahawia, tope hilo limetokana na kutu ya vyuma vyenyewe.

Tenki, mgao na vijidudu

Bomba la mtaa likikauka wakati wa mgao, uchafu ulio nje ya bomba lililopasuka huvutwa ndani, kisha maji yanaporudi huja nao. Maji ya dakika za mwanzo baada ya mgao yakingwe kwa ajili ya bustani au choo, yasiingie kwenye tenki. Tenki liwe na mfuniko unaobana na wavu kwenye bomba la kupumulia, na lioshwe mara mbili kwa mwaka: toa maji yote, sugua kwa brashi, suuza, jaza tena, weka lita moja na nusu ya jiki isiyo na manukato yenye klorini asilimia 3.5 kwa kila lita 1,000, iache ilale humo usiku kucha, fungua koki zote ili mabomba ya ndani nayo yatakaswe, halafu mwaga maji hayo yote. Usichanganye jiki na dawa nyingine yoyote ya kusafishia, na anayeingia ndani ya tenki asiwe peke yake.

Klorini inayofika kwenye bomba la mteja inatakiwa isomeke kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita. Harufu hafifu ya dawa isikutishe, kwani ina maana kwamba maji bado yana kinga. Kama unatumia chujio la mkaa wa mifupa, tibu vijidudu baada ya kuchuja, si kabla, kwa kuwa mkaa hunyonya klorini, na maji yaliyochujwa yanaweza kuchafuka tena. Maji ya mvua nayo yachemshwe au yawekewe dawa.

Majibu yakiwa mabaya

Peleka nakala ya cheti kwa mtoa huduma pamoja na barua inayotaja namba ya mita, tarehe ya sampuli, mahali ilipochukuliwa na kiwango kilichosomwa, kisha omba mambo mawili: kipimo cha pamoja kwenye bomba lako mbele yako, na maelezo ya maandishi ya namna mchanganyiko wa vyanzo utakavyorekebishwa. Nakala nyingine mpe mwenyekiti wa mtaa, maana barua ya kaya 20 husomwa upesi kuliko ya kaya moja. Usipojibiwa na mamlaka, malalamiko yanaweza kupelekwa EWURA, inayodhibiti huduma za majisafi. Kwa chombo cha jamii, nenda ofisi ya RUWASA ya wilaya. Shule ya msingi au ya awali iliyo kwenye laini ile ile ipewe nakala siku hiyo hiyo, ili uji na maji ya kunywa ya watoto yatafutiwe chanzo kingine wakati barua zikisubiri majibu.